Kinga na Kinga

Oktoba 2024, Idara ya Misitu ya Marekani ilitangaza kwamba katika misitu yake ya California itaacha, kwa muda usiojulikana, kuwasha ile mioto inayowashwa makusudi ili kupunguza majani na magogo makavu. Sababu ilikuwa kwamba watu na magari walihitajika kwa kuzima ile mioto mingine, ambayo haina ratiba. Habari ni fupi, lakini jaribu kuiandika kwa Kiswahili, msomaji mwenzangu, uone jasho lake. Humo mna moto ambao ni adui na moto ambao ni dawa, na wote wawili wanagombea kikosi kimoja cha watu. Kiswahili cha magazeti kinawapa jina moja tu la kuaminika, moto, kisha kila mhariri anajitafutia kivumishi chake na kukitupa baada ya wiki.

Tuanze na wingi. Wengi wetu tumezoea kusema moto hata kwa mioto kumi, kana kwamba neno hili ni la jamii ya maji na maziwa. Mioto ipo, ni neno halali la ngeli ya m-/mi-, na katika mada hii hatuwezi kuikwepa. Ukisema "moto unazuia moto" umetega kitendawili. Ukisema "mioto midogo huzuia mioto mikubwa" umeeleza sera nzima.

Mzizi wenyewe unafurahisha. Moto, joto, kuota moto: yote yametoka shina moja la Kibantu. Anayeota moto anausogelea. Kwa hiyo jina letu la moto lilizaliwa karibu na mafiga, kwenye moto unaotakiwa, na hofu imekuja baadaye kwa vivumishi. Sijui lugha nyingine za habari zilianzia wapi, lakini yetu ilianzia kwenye baridi ya alfajiri.

Sasa vivumishi. Redio za kimataifa zinapenda moto wa nyika, au moto wa msituni. Hayo ni majina ya mahali. Yanajibu swali la wapi, na swali letu ni la namna gani. Moto uliowashwa na afisa misitu mwenye kibali mkononi, nao uko nyikani. Moto ulioanzishwa na radi kilomita tano kutoka hapo uko nyikani vilevile. Jina lisilotenganisha hawa wawili halina kazi katika mjadala wa nani apewe watu na nani asubiri.

Maafisa misitu wa Tanzania wana jina lao, na ni zuri kuliko la redio: moto kichaa. Mtu yeyote aliyekaa karibu na mashamba ya miti ya Mufindi au Njombe amelisikia kwenye mikutano ya vijiji kila kiangazi kinapokaribia. Lina nguvu. Linasema moto huu hauna njia, hausikii, hauna wa kuutuma. Mlima Kilimanjaro ulipowaka Oktoba 2020, na mamia ya watu wakapanda kuuzima kwa matawi na majembe, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa kichaa ni nini.

Lakini nina shaka mbili juu ya kichaa. Kwanza, kinamwonea mgonjwa. Pili, na hili ndilo kubwa kwa mpenda istilahi, kinaufanya moto uonekane umechanganyikiwa wenyewe. Moto haujawahi kuchanganyikiwa. Unafuata upepo, mteremko na ukavu kwa utiifu ambao askari wa gwaride angeuonea wivu. Ukiuita kichaa, umesahau aliyeziacha kuni zilundikane miaka thelathini.

Mimi ningependekeza moto mwitu. Lugha yetu tayari inajua kutumia mwitu hivyo: mbwa mwitu, nguruwe mwitu, paka mwitu. Neno linasimama baada ya jina bila kiunganishi, na linafanya kazi moja ya kutenganisha kilichofugwa na kisichofugwa. Mwitu pia ni msitu, kwa hiyo mahali hapajapotea. Na uzuri mwingine ni kwamba ukishasema kuna moto mwitu, msikilizaji anauliza mwenyewe: basi uliofugwa ni upi?

Kabla ya kumjibu, tumtazame anayeitwa kuja. Zimamoto ni neno lililoundwa kwa akili ya Kiswahili tupu, kitenzi kikakumbatia jina, kama kifunguakinywa au kinasasauti. Linatosha kwa nyumba. Nyumba ikiwaka hakuna la kujadili, izimwe. Tanzania tuna Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na jina linaeleweka hata kwa mtoto.

Neno hilo lina historia ya ajabu, na siwezi kulipita bila kuigusa. Enzi za ukoloni, huko Nairobi, Kampala na kwingineko, wazimamoto walikuwa jina la kutisha. Watu waliamini kwamba wenye magari mekundu wanakamata wapita njia usiku na kuwafyonza damu, ndugu zao mumiani. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu ya uvumi huo mwaka 2000. Jina limesafika sasa, nasi tumesahau kwamba liliwahi kumaanisha watu wasiojulikana wanafanya nini hasa mchana, wakati hakuna moto.

Swali hilo la mchana ndilo linalonirudisha kwenye misitu. Zimamoto hujulikana kwa kitenzi kimoja. Wamarekani nao waliishi na kitenzi hicho kimoja kwa miaka mingi. Agosti 1910, kwa siku mbili, moto uliteketeza karibu ekari milioni tatu za Idaho na Montana na kuua watu zaidi ya themanini, wengi wao wazimaji wenyewe. Idara ya Misitu ilikuwa changa, na kovu hilo likawa imani: kila moto uzimwe. Mwaka 1935 imani ikawa amri. Moto ukionekana leo, uwe umedhibitiwa kabla ya saa nne asubuhi ya kesho.

Hapo mtafsiri aangalie hatua zake. Amri hiyo kwa Kiingereza inataja saa kumi, na atakayeandika "sera ya saa kumi asubuhi" amewaamsha wazimaji wa watu kabla ya adhana ya alfajiri. Saa yetu huanza jua linapochomoza. Sera hiyo kwa Kiswahili ni sera ya saa nne asubuhi, na kwa jina hilo inasikika kama ilivyokuwa: amri ya mwajiri anayetaka kazi iishe kabla ya chai.

Iliachwa rasmi miaka ya 1970. Kwa miongo minne msitu ulikuwa ukiweka akiba ya kuni.

Nasema kuni. Wataalamu wetu wakitafsiri huandika nishati, au mafuta, au kichocheo. Nishati ina asili ya Kiarabu, uchangamfu, na leo ni neno la wizara, la umeme na gesi. Mafuta yatamfanya msomaji atafute pipa. Kichocheo kinakaribia, maana kuchochea ni kusukuma vijinga ndani ya moto, lakini wanakemia wamekishika na wanasiasa wamekichafua. Nyasi zilizokauka zikiwa zimesimama, sindano za misonobari zilizolala chini, matawi yaliyoanguka, zote hizo moto unaziona kama kuni. Nasi tuzione hivyo hivyo. Wingi wa kuni, unyevu wa kuni, akiba ya kuni: hata bibi asiyejua kusoma atakuelewa, tena atakukosoa ukikosea.

Sasa kile kitendo. Neno linalotawala ni uchomaji, na lina bahati mbaya. Kuchoma ni kuchoma kisu, kuchoma sindano, kuchoma nyama, kumchoma mwenzio kwa wakubwa. Kuna ncha ndani yake. Katika mabango ya serikali uchomaji huja na mkia wake, "ovyo", na uchomaji wa misitu kwa sikio la Mtanzania ni kosa la jinai kabla hata sentensi haijaisha. Jaribu kumwambia mwanakijiji kwamba wiki ijayo Idara ya Misitu itafanya uchomaji wa msitu. Atakwenda kutoa taarifa polisi.

Kuunguza ni baya zaidi, kwa sababu ndani yake mna kuungua, jambo linaloupata wali uliosahauliwa jikoni. Kuteketeza hakuachi kitu. Kuwasha ni kitenzi cha heshima ila kinaishia kwenye kiberiti, hakisemi kinachofuata. Kipo kimoja cha zamani ambacho tumekiacha nyuma: kukoka. Kukoka moto ni kuujenga na kuupanga mpaka ushike. Anayekoka hana haraka, tena anajua anachotaka kupika. Ningependa kukisikia tena hata kama hakitashinda katika shindano hili.

Wamarekani wanasema moto "ulioandikiwa", kama daktari anavyomwandikia mgonjwa dawa. Na kweli kuna karatasi: imeandikwa kasi ya upepo isizidi kiasi gani, unyevu wa hewa usishuke chini ya kiasi gani, wazimaji wangapi wawepo, moshi uelekee wapi. Moja likikosekana, hakuna kuwasha. Kwetu karatasi ya daktari ni cheti, neno la Kihindi lililofika na majahazi. Moto wa cheti! Nililicheka, kisha nikalipenda kwa siku chache. Lakini nchini mwetu cheti kimebeba mambo mengi, kuanzia ndoa mpaka vile vyeti feki vilivyowaondoa watu kazini mwaka 2017, na sitaki mtu aulize kama moto huu umehakikiwa.

Moto wa kipimo lilikuwa jaribio la pili. Lina adabu ya dawa ndani yake, kwamba kidogo huponya na kingi hudhuru. Na wahenga walishatupa kibali waliposema dawa ya moto ni moto. Lakini kipimo kinaeleza kiasi bila kueleza nia.

Kwenye ripoti za wahifadhi utakutana na uchomaji wa mapema. Hili ni la kwetu kabisa. Kusini na magharibi mwa Tanzania, kwenye miombo, na katika nyasi za Serengeti, moto huwashwa mvua zikishakatika, majani yakiwa bado na ubichi kidogo, ili ule wa Septemba ukija usikute cha kula. Kila aliyeko kwenye kazi hiyo anajua mapema ni lini. Ila jina limefungwa kwenye kalenda ya miombo. California huwasha sana vuli na masika yao, na huko mapema haina maana.

Yamebaki majina ya ofisini: uchomaji elekezi, uchomaji uliopangwa, uchomaji uliodhibitiwa. La mwisho ndilo linaloonekana sana, na ndilo ninaloliogopa. Dhibiti ni Kiarabu cha kushika kwa nguvu, kukamata barabara. Linaahidi. Na moto wa aina hii, hata uwe mpole vipi, hauruhusu ahadi ya namna hiyo itolewe katika jina lake.

Tarehe 6 Aprili 2022, katika Msitu wa Taifa wa Santa Fe, jimbo la New Mexico, Idara ya Misitu iliwasha moto wa kupangwa. Upepo ukageuka. Tuseme nini hapo? Magazeti yangesema moto ulitoroka. Kutoroka ni kwa mfungwa na mtumwa, mwenye nia yake mwenyewe. Ningechagua kuponyoka. Kinachoponyoka kilikuwa mkononi, na anayeulizwa ni mwenye mkono. Idara hiyo inasema mioto yake ya kupangwa huenda kama ilivyokusudiwa kwa asilimia 99.84. Huu ulikuwa katika sehemu iliyobaki, na wahenga, ambao hawakukosa neno hata hapa, walisema ajali haina kinga.

Kulikuwa na mwenzake. Mwezi Januari, katika bonde jirani la Calf Canyon, wafanyakazi walikuwa wamechoma marundo ya matawi yaliyokatwa. Theluji ikaanguka juu yake zaidi ya mara moja. Aprili, moto ukatokea tena.

Kwa jambo hilo Kiswahili kimejaliwa maneno mawili ambayo ningependa kuyapigania hadharani. La kwanza ni kufukuta: kuwaka kwa ndani, bila ulimi wa moto, bila kuonekana. Wengi siku hizi wanalitumia kwa joto la Dar es Salaam na kwa migogoro ya vyama. Hapa limerudi kwao. Moto wa Calf Canyon ulifukuta chini ya theluji kwa zaidi ya miezi miwili. Sijui kitenzi kingine kingefanya kazi hiyo kwa silabi nne.

La pili ni biwi. Muulize kijana yeyote biwi ni nini, atakujibu: biwi la simanzi. Atakueleza kwamba ni huzuni kubwa, na mazungumzo yataishia hapo. Lakini biwi, kabla ya kuingia kwenye tanzia za redio, lilikuwa rundo la majani, magugu na vijiti ambalo mkulima analikusanya shambani ili alichome. Simanzi iliazima umbo lake, kitu kilicholundikana, kinafuka, hakiishi haraka. Tumebaki na mafumbo tukapoteza kitu chenyewe. Huko misituni kazi ya kulundika na kuchoma ina jina rasmi, ina bajeti, ina wafanyakazi, nasi tunahangaika na "marundo ya taka za misitu" wakati mabiwi yapo yanatungoja.

Mabiwi ya Calf Canyon na ule moto ulioponyoka viliungana, vikala zaidi ya ekari 340,000, moto mkubwa kuliko yote iliyorekodiwa New Mexico. Mamia ya familia zilipoteza nyumba. Mkuu wa Idara wakati huo, Randy Moore, aliahirisha mioto yote ya kupangwa nchi nzima kwa siku tisini. Baada ya hapo mtu akiniambia uchomaji uliodhibitiwa, namwomba aliambie neno hilo kwanza lifike New Mexico.

Basi jina ninaloliomba ni moto wa kinga.

Nitalitetea kwa pande mbili. Upande wa kwanza mnaujua. Kukinga ni kuzuia kisifike: kukinga mvua, kukinga pigo, kingamwili, na ule usemi wa hospitali kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Pia ni kuweka chombo chini ya kinachodondoka, kukinga maji ya bati. Ni kitenzi cha mtu anayejiandaa kabla, na hakiahidi kwamba hakuna kitakachopita. Mwenye mwavuli hulowa miguu.

Upande wa pili ndio ulionifanya niandike makala haya. Kinga ni kijinga cha moto, kipande cha ukuni kinachowaka upande mmoja, kile unachokiomba kwa jirani kwenda kuwashia mafiga yako. Wahenga: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Yaani vijinga vikikutana, moto hushika. Maneno mawili tofauti kabisa kwa asili, moja ngao na jingine ukuni unaowaka, yamekutana katika silabi zilezile, na mada yetu ni huo mkutano wao. Moto wa kinga ni moto wa ngao na ni moto wa kijinga mkononi kwa wakati mmoja. Istilahi chache hupata bahati hiyo.

Mpinzani atasema: litachanganywa na kinga ya moto. Hapana, geuza uone. Kinga ya moto ni mtungi mwekundu ukutani na mlango wa dharura. Moto wa kinga ni moto. Kiunganishi cha -a, kinachodharauliwa na wengi, kinabeba tofauti hiyo yote, na tunakiamini kila siku katika mambo mazito zaidi: mkate wa mtoto si mtoto wa mkate.

Neno jingine la misituni lililogeuka kichwa chini ni barabara za moto. Mgeni akiambiwa kwamba shamba la miti la Sao Hill lina barabara za moto atadhani moto umejengewa njia. Ni mikanda iliyosafishwa ili moto usipite. Lakini watu wamelizoea, wanazifyeka kila mwaka kwa jina hilo, na mimi si wa kwenda kuling'oa. Istilahi iliyoota mizizi katika majembe ya watu ina haki kuliko mantiki yangu.

Turudi California. Kwa nini moto wa kinga ulisimamishwa Oktoba, mwezi ambao hali ya hewa inaanza kuuruhusu? Kwa sababu watu ni walewale. Kikosi cha watu ishirini kinachojua kuchimba mkanda na kusoma upepo ndicho kinachojua kuwasha salama. Kikiwa safarini kuzima, hakuna wa kukoka. Na kipindi cha kukoka ni kifupi. Kwa kipindi hicho tafsiri za haraka zinaandika dirisha la uchomaji, labda kwa kuiga dirisha dogo la usajili la wapenda soka. Kwenye mpira limeshakaa, tuliache huko. Hapa tuna wasaa, ambalo kwa asili ni upana, nafasi ya kujinyoosha ndani ya wakati. Wasaa wa kukoka ni siku ambazo upepo, unyevu na watu vimekubaliana. Wasaa hupotea, na ukipotea hakuna aliyeuiba.

Wamarekani wana ngazi za utayari, 1 hadi 5, zinazotangazwa na kituo cha taifa cha uratibu kilichoko Boise, Idaho. Ngazi zikipanda hadi 4 au 5, moto wa kinga huhitaji idhini ya wakubwa zaidi. Utayari ni neno safi. Ninachokiona ni kwamba limepewa maana ya upande mmoja. Tayari kwa nini? Kwa kuzima. Anayekoka leo ili mwakani kusiwe na cha kuzima hahesabiwi kuwa yuko tayari, anahesabiwa yuko kwenye shughuli nyingine.

Hata neno la habari yenyewe lina mtego. Idara ilisitisha, iliahirisha au ilisimamisha? Kusitisha kumetoka kwa kusita, mguu ukiwa hewani, ingawa magazeti ya siku hizi yanalitumia kwa kukomesha. Kuahirisha kunaahidi tarehe nyingine. Kusimamisha hakuahidi kitu. Kwa tangazo la siku tisini la Moore ningeandika kuahirisha. Kwa lile la California, lisilo na tarehe, kusimamisha.

Lakini neno lililonikalisha zaidi ni lile la kusawazisha. Tunahitaji jina la kugawa watu, fedha na magari kati ya kuzima na kukoka. Mizani ina sahani mbili, na atakayeongeza huku atapunguza kule. Urari wameuchukua wahasibu. Nachagua uwiano, na nitawaomba mlisikilize taratibu. Kuwia ni kudai: nakuwia shilingi elfu kumi, maana yake unazo zangu. Mwia ni mwenye deni lake, mwiwa ni anayedaiwa. Kuwiana, basi, ni kudaiana. Tunaposema uwiano tunafikiri ni hesabu za darasa la saba, kumbe chini yake wamekaa watu wawili kila mmoja ana cha mwenzake.

Hivyo ndivyo mioto hii miwili ilivyo. Mwaka 1995 kuzima kulikula asilimia 16 ya bajeti ya Idara ya Misitu. Kufikia 2015 kulikuwa kumepita nusu. Fedha za kuzima zilipokwisha katikati ya mwaka, idara ilichota kwenye mafungu mengine, likiwemo lile la kupunguza kuni. Wenyewe waliita kukopa. Mwaka 2018 bunge lao lilipitisha mfuko wa pembeni ili mkopo huo ukome. Fedha zilitengwa, watu hawakutengwa, na California ya 2024 ilikuwa mkopo uleule, safari hii wa mikono. Moto wa kinga unamwia zimamoto siku zake zote alizochukuliwa. Zimamoto anauwia moto wa kinga ile mioto mikubwa ambayo haikuwahi kupungua. Rasilimali, neno letu lenye Kiarabu cha "kichwa cha mali", halitasaidia hapa. Mali inayokopwa kila kiangazi haina kichwa.

Anayefanya kazi zote mbili tumwiteje? Si zimamoto, tumeona. Mchomaji ni mhalifu. Nampendekeza mchunga moto, kwa mfano wa mchunga ng'ombe. Kuchunga ni kulisha na kulinda pamoja, kuupeleka mfugo malishoni na kuurudisha, na kwa Wakenya chunga! ni onyo tosha la sentensi nzima. Angalizo moja: tusiseme mchungaji wa moto. Huyo anahubiri uwanjani Jumapili na vipaza sauti vyake.

Kuhusu ardhi nitakuwa mfupi. Habari zinasema mambo haya yanatokea kwenye ardhi ya umma. Mkenya ataelewa, maana Katiba yake ya 2010 imeitaja kuwa moja ya aina tatu. Mtanzania atachanganyikiwa, kwa kuwa kwa sheria zetu za 1999 ardhi yote ni ya umma chini ya dhamana ya Rais, pamoja na kishamba chake cha mahindi. Marekani tuandike ardhi ya serikali ya shirikisho, ambayo ni zaidi ya robo ya nchi ile, na tuwaachie umma wetu mabishano yetu.

Na hifadhi? Tumelifanya neno la uzio na lango la malipo. Kiarabu chake ni kutunza, na mtoto wa madrasa anajua namna: anayehifadhi Kurani anaitunza kwa kuirudia. Wakaruk na Wayurok wa mto Klamath walihifadhi misitu yao hivyo, kwa kuirudia na moto mdogo msimu baada ya msimu, mpaka sheria ya California ya 1850 ilipoanza kuwaadhibu wanaowasha nyasi. Moto wao ningeuita moto wa jadi, na ningeuandika kabla ya moto wa kinga katika kamusi yoyote ya mada hii, kwa sababu ulitangulia.

Nawaomba wa mabaraza ya Kiswahili, BAKITA na BAKIZA, wayapime haya: moto mwitu, moto wa kinga, mchunga moto, wasaa wa kukoka. Wakiyakataa, watoe bora zaidi na wayatoe kabla ya kiangazi, maana vyumba vya habari havitasubiri kikao. Biwi sihitaji kuliombea kibali. Ni neno letu, liko kamusini tayari, na kesho mhariri yeyote anaweza kuliandika bila mabano na bila kuomba radhi.